Somo: kuendesha baskeli kwenye jam ya Mombasa bila kujibana kwenye mtaro

Kila nauli ya matatu ikipanda utaona baskeli zatolewa stoo, watu wafuta vumbi wajaza upepo, kesho yake wako Digo Road wamejibana ukingoni kama wanaomba msamaha kwa kuwepo barabarani. Sasa hapo ndo shida yaanzia. Somo hili ni la yule ambae kupanda ashajua, kukata kona ashajua, ila akifika Buxton saa moja asubuhi mikono yaanza kutetemeka. Nitarudia jambo moja mpaka mchoke: dereva wa hapa mara nyingi akikugonga si kwamba amekukusudia, ni kwamba hakukuona ama hakujua waelekea wapi. Kwa hivo kazi yako ni uonekane, na ukishaonekana ueleweke.

Hatua ya 1: baskeli yenyewe

Shika breki ya mbele kwa nguvu halafu sukuma baskeli mbele. Gurudumu la mbele likizunguka, nenda kwa fundi usiende kazini. Fanya hivo hivo ya nyuma. Waya za breki zitazame pale zinapoingia kwenye mkono wa breki, hewa yetu ina chumvi na waya yaanza kukatika uzi mmoja mmoja ndani huko wewe huoni, siku ya kuihitaji yakatika yote. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, badilisha, ni vitu bei rahisi.

Halafu wale wa baskeli za mtumba, sikizeni. Zilizotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, za nchi nyingine nyingi za Ulaya iko kushoto, na kuna zile za Uholanzi hazina breki ya nyuma ya mkono kabisa, wakanyaga pedeli kinyume ndo yashika. Jua yako ni ipi kabla hujaingia mjini, usiijulie mbele ya bampa ya mtu.

Upepo wa tairi umeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, fuata hapo. Kengele, taa, riflekta, hayo sina haja ya kueleza.

Hatua ya 2: wapi pa kukaa barabarani

Twaendesha kushoto, sawa, lakini kushoto si kwenye mtaro. Acha kama mita moja kutoka ukingoni. Pale ukingoni ndo pana mchanga, vigae vya chupa, maji yaliyosimama hujui chini yake pana shimo la kiasi gani, na vyuma vya mitaro vyenye mianya ya kumeza tairi jembamba. Na kubwa zaidi, ukijibana, dereva wa nyuma aona pana nafasi ya kupita bila kuhama leni yake, apita akikugusa kiwiko, na wewe huna pa kukimbilia maana kushoto kwako ni ukuta. Ukikaa mita moja ndani alazimika kuamua: ama asubiri ama ahame. Tena ile mita ni yako pia, akikubana sana unayo ya kurudia.

Palipo pembamba ambapo gari na baskeli haziwezi kupita pamoja, mfano vichochoro vya Mji wa Kale ama kule Marikiti kwenye mikokoteni, kaa katikati ya leni kabisa. Spidi huko ni ndogo, hakuna atakaekufa kwa kusubiri sekunde kumi.

LAKINI, na hapa msinielewe vibaya, hii ya katikati si ya kila mahali. Magongo, Changamwe, Jomvu, kule trela zakimbia na tofauti ya spidi yenu ni kubwa mno, palipo na barabara ya pembeni tumia hiyo, palipo na bega la barabara tumia bega, hata kama lina mawe. Ubishi na trela hauna mshindi wa pili.

Magari yaliyopaki, Moi Avenue mfano, yapite ukiwa mbali kiasi mlango ukifunguliwa wote haukufikii. Tazama ndani ya vioo vya nyuma, ukiona kichwa cha mtu kwenye kiti cha dereva, huyo mlango waweza kufunguka saa yoyote.

Hatua ya 3: kutazama nyuma bila kuyumba

Hii ndo wengi hawana, na bila hii mengine yote ni kubahatisha. Jifunzie uwanjani kwanza. Endesha mstari mnyoofu, legeza mabega, peleka kidevu kwenye bega la kulia, tazama, rudisha kichwa. Mwanzoni baskeli itafuata kichwa itaenda kulia, ni kawaida. Dawa yake, ondoa mkono wa kulia kwenye hendeli uweke pajani kabla ya kugeuka, mwili utageuka bila kuvuta hendeli. Ukiweza kumtazama mtu aliye nyuma ukamtambua na bado uko kwenye mstari, ushafuzu.

Barabarani mpangilio ni huu: tazama, nyoosha mkono, tazama tena, mikono yote irudi kwenye hendeli, ndo uhame. Ule mkono wako ni ombi tu, haulazimishi gari kusimama. Na ukitazama nyuma tafuta uso wa dereva usiangalie gari, macho yenu yakikutana tu utashangaa vile anapunguza.

Hatua ya 4: matatu, tuktuk na boda

Matatu haiamuliwi na dereva, yaamuliwa na konda. Mtazame konda. Akiwa ananing'inia mlangoni akagonga bodi, ile gari yaja kushoto sasa hivi, indiketa hutaiona mpaka ishasimama. Akianza kumwita mtu aliye mbele pale kandoni, vile vile. Hapo una mawili: punguza ubaki nyuma yake, ama kama ushatazama nyuma na pako wazi umpite kulia. Usipite kushoto kamwe, kushoto ndo abiria wanashukia na mzigo wao na watoto wao.

Tuktuk usitazame taa zake wala hendeli, tazama lile gurudumu la mbele, ni moja tu na halidanganyi. Likianza kupinda tu yeye ashaamua kugeuza, hata kama ni katikati ya barabara. Boda atakuja popote, hata upande usio wake, kwa huyo endelea na mstari wako ule ule maana yeye ashapiga hesabu akupite vipi, wewe ukihama unamharibia hesabu.

Hatua ya 5: trela

Mji wetu ni mji wa bandari, trela za kontena zatoka Kilindini na Shimanzi mchana na usiku. Dereva amekaa juu sana, ubavu wake wa kushoto karibu na gari haoni kitu. Kipimo ni hiki: kama huoni uso wake kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni. Na trela likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yaingia ndani zaidi ya kona, yaani pale pale ambapo wewe umesimama wasema nafasi ni tele. Tena dereva huanza kwa kwenda kulia kidogo apate kona, wewe wadhani amekupisha. Hakukupisha! Limesimama kwenye mataa ama kwenye jam, baki nyuma yake, hata kama kushoto pako wazi mpaka mbele.

Hatua ya 6: raundabauti

Aliye ndani ndo mwenye haki, wewe unaeingia umsubiri anaetoka kulia. Ukishaingia kaa katikati ya leni mpaka utoke, ukizungukia ukingoni kila gari linalotoka litakukata mbele. Raundabauti kubwa yenye trela, shuka, sukuma, vuka na wanaotembea kwa miguu. Mimi hushuka na sioni haya.

Hatua ya 7: breki ya ghafla

Ukienda kilomita 25 kwa saa, sekunde moja ushakwenda mita 7, na hapo akili ndo kwanza yashtuka, breki bado. Shika zote mbili, ya mbele ndo yasimamisha zaidi ila ikaze polepole usiidake, na mwili urudi nyuma, matako karibu yatoke kwenye kiti, mikono ikaze mbele. Hivo hurukii hendeli. Mvua ikinyesha, zile breki za raba kwenye rimu kwanza zafuta maji ndo zishike, kwa hivo anza kushika mapema. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko masika yenyewe, mafuta yote ya kwenye lami yaelea juu. Reli zivuke kwa kuzikata mraba, usizivuke kimshazari.

Hatua ya 8: jioni

Huku kwetu mwaka mzima ikikaribia saa moja giza lishaingia, kwa hivo taa si jambo la usiku wa manane, ni la kutoka kazini. Ramadhani zidisha: ile nusu saa kabla ya magharibi kila mtu awahi futari, amefunga tangu alfajiri, kichwa kishafika nyumbani gari bado liko Saba Saba. Mimi muda huo ni bora nichelewe kufuturu.

MASWALI

*Wa Kongowea:* Mwalimu nikikaa katikati ya leni wanipigia honi na matusi juu, nifanyeje?

Honi ni habari njema babu, maana yake ashakuona. Usijibu, usigeuke kubishana, endelea mstari wako, ukipata pahali papana sogea apite umuinulie mkono. Yule wa kumuogopa ni asiyepiga honi.

*Dada wa Majengo:* Mimi navaa dera na buibui kila siku, mbona hilo hamulisemi?

Haki yako dada. Kwanza baskeli ya fremu ya chini pamoja na kava ya cheni iliyofunika kabisa, si ile nusu. Pili mkia wa buibui uukusanye upande wa kushoto, cheni iko kulia, uubane kwa pini ama lastiki, na ndani uvae suruali. Tatu gurudumu la nyuma kina mama wengine hufunga wavu juu ya mudgadi nguo isiingie kwenye spoku. Mtandio upitishe ndani, usiachie ncha zipepee.

*Wa Likoni:* Kwenye feri je, yaruhusiwa kushuka nimepanda?

Shuka usukume, kuingia na kutoka. Ule mlango wa feri ni chuma, umelowa maji ya chumvi na una mteremko, tairi lateleza papo hapo, na umati ule wote ukianguka waangusha watu. Ukifika juu subiri kundi lipungue ndo upande.

*Wa Nyali:* Darajani upepo karibu unitupe, hasa jioni nikirudi.

Wakati wa kusi ukitoka mjini kwenda Nyali upepo wakujia kulia, bila kujua wewe waulalia. Gari kubwa likikupita kulia lakinga ule upepo ghafla, basi baskeli yaenda kulia, yaani kwenye gari. Ukisikia mngurumo nyuma, shusha kifua, legeza viwiko, shika hendeli imara na acha nafasi zaidi pande zote. Ukizidi, shuka utembee.

*Wa Bombolulu:* Helmeti ni lazima? Joto hili jamani.

Vaa yenye matundu mengi. Ikae tambarare, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ukaze. Na ikishapigwa chini mara moja kwa nguvu nunua nyingine, ile povu ya ndani ikishabonyea kazi yake imekwisha hata kama nje yang'aa.

*Muuza mkate, Kisauni:* Karia yangu ina kreti kubwa, taa ya nyuma naifunga wapi?

Usiifunge chini ya kiti, kreti yaifunika yote. Itundike nyuma ya kreti yenyewe, upande wa kulia, ukitoboa tundu mbili upitishe waya, na riflekta ibaki kwenye mudgadi. Halafu mtu asimame hatua ishirini nyuma giza likiingia akwambie kama aiona ukiwa umepanda, maana ukikaa kreti yashuka kidogo na taa yaangalia chini.