Jinsi ya kuhariri soya itoe mafuta yasiyochoka haraka

Ukipita Wandegeya, Kampala, jioni pale kwa wauza chipsi na rolex (chapati ya mayai), utajua tu harufu ya mafuta yaliyochoka. Mafuta ya soya yanachoka mapema sababu zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki, ambayo oksijeni inaivamia kirahisi, na ile ngumu kuharibika, asidi ya oleiki, iko kama 20% tu. Kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki ni kimeng'enya cha jeni inaitwa FAD2. Ukiizima kwa kuhariri, yaani kukata DNA pale pale kwenye jeni hiyo, oleiki inapanda mpaka karibu 80%. Marekani soya ya namna hiyo iliyohaririwa ilishaingia sokoni 2019.

Najua watu wa Lira mnaolima alizeti mtauliza mbona si alizeti. Alizeti usijisumbue, Wasovieti walishapata ya oleiki nyingi kwa kubadilisha jeni za mbegu kwa kemikali miaka ya 1970, we tafuta mbegu hiyo uchavushe na yako basi. Hata karanga, badiliko lilitokea lenyewe shambani. Soya ndo inafaa kuhaririwa.

Vibali kwanza. Bunge letu la Uganda lilipitisha mswada wa kusimamia mazao ya kubadilishwa jeni 2017 na tena 2018, rais akaurudisha bila kusaini mara zote mbili, kwa hiyo pitia kamati ya usalama ya taasisi yako halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mbegu isitoke nje ya uzio hata moja, hata kwa shangazi.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaanguka: soya haina FAD2 moja. Zinazofanya kazi kwenye mbegu ni FAD2-1A na FAD2-1B, hizo zizime zote mbili, ukizima moja utapata nusu shughuli. Zile za FAD2-2 ziache kabisa, majani na mizizi inazihitaji. Kwa hiyo tafuta kipande cha herufi 20 za DNA kinachofanana kwenye 1A na 1B lakini hakipo kwenye FAD2-2, kiwe mwanzoni mwa jeni, na mara tu baada yake herufi yoyote kisha GG, maana bila hiyo Cas9, ule mkasi wa kukata DNA, haikati. Tovuti za CHOPCHOP na CRISPOR zinakutafutia bure. Ila usiamini moja kwa moja jeni ya kwenye database, ile ni ya Williams 82, soya ya Marekani, na wewe labda una Maksoy 3N ya hapa Uganda, soma DNA ya mbegu yako mwenyewe, herufi moja ikitofautiana RNA elekezi yako, ile inayoipeleka Cas9 kwenye kipande hicho, inaweza isishike.

Kuingiza jeni za Cas9 na RNA hiyo ni kwa Agrobakteria, bakteria anayepenyeza DNA kwenye mmea, kwenye nusu mbegu iliyokwanguliwa pale chipukizi linapoanzia, halafu tishu kalcha, yaani kukuza mche kwenye sahani za maabara, miezi kadhaa. Uvumilivu hapa. Mimi umeme ulikatika wikendi moja nikarudi Jumatatu sahani zote zimeota ukungu, nikaanza upya, so ukipata bajeti ya jenereta usiile.

Mche ukiota, fanya PCR, yaani nakili kipande hicho cha DNA ukichunguze, uone kama jeni imekatwa. Usishangilie bado, mara nyingi nakala moja ya jeni imekatwa na nyingine bado nzima. Acha ujichavushe, kizazi kinachofuata ndo unachuja: unataka 1A imezimwa pande zote, 1B vilevile, na Cas9 yenyewe imeondoka. Kama mzazi alikuwa nusunusu kwa zote na Cas9 iliingia sehemu moja, ni mbegu 1 kati ya 64. Panda 200 hivi, ukipanda 30 utalia.

Kupima mafuta usisage mbegu nzima jamani! Kata kipande kidogo upande usio na kiini, hicho peleka kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima asidi za mafuta, kilichobaki panda, kitaota vizuri tu. Zikishapatikana zenye oleiki juu, zipande karibu na mama yake ambaye hajahaririwa, misimu miwili mitatu, ulinganishe kuota, mavuno na protini. Mafuta mazuri kwenye mmea unaozaa kidogo hakuna mkulima atakayeyataka.