Radi ilichukua diski mbili kwa mpigo: ninavyotunza picha na video hapa Moshi

Ile ekstensheni bado ninayo, kwenye droo ya chini. Ina matundu manne. La tatu limeyeyuka pembeni na kuacha alama nyeusi yenye umbo la ulimi. Mwezi wa nne mwaka 2019, masika yamepamba moto, radi ilipiga karibu na nyumba yetu hapa Njoro. Kompyuta ya mezani ilikuwa imechomekwa pale, na diski ya nje yenye nakala zangu za akiba ilikuwa palepale, tundu la pili yake. Zilikufa zote.

Mimi napiga picha na video za harusi, send-off na kipaimara. Wiki tatu baadaye alikuja mama mmoja kutoka Pasua. Mume wake alikuwa amefariki, naye alikumbuka kwamba kwenye harusi ya binti yao marehemu aliwapa wanandoa nasaha kwa dakika kama tano. Alitaka kuisikia sauti ile. Flashi niliyowakabidhi ilikuwa imepotea. Sikuwa na kitu cha kumpa. Alikunja kanga yake taratibu, akasema, "Haya mwanangu, Mungu atasaidia," akaondoka.

Tangu siku ile nimepanga vifaa vyangu upya, kwa kuuliza mafundi, kusoma, na kujaribu usiku baada ya kazi. Namwandikia yeyote mwenye kitu ndani ya kompyuta ambacho hakitengenezwi mara ya pili: mtunza vitabu wa VICOBA, mwenye steshenari, mwalimu wa kwaya mwenye rekodi za miaka kumi. Kanuni inayojulikana ni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mimi nimejiongezea sharti langu: nakala inayokula umeme mmoja na ile ya awali siihesabu.

Kwa hiyo usianze na seva. Anza na diski mbili za nje zenye ukubwa sawa, hata kama hela imebaki hiyo tu. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Kamera yangu inarekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Harusi ya saa sita ni gigabaiti 135, hivyo diski ya terabaiti 4 inabeba harusi zisizofika thelathini. Mwenye hati za Word na Excel tu atatosheka na terabaiti 1 kwa miaka mingi.

Diski ikifika nyumbani, ipime. Zipo zinazoandikwa ukubwa wa uongo, na flashi ndiyo zaidi: kompyuta inaonyesha terabaiti 2, kumbe ndani ni gigabaiti 64, na ukishazijaza hizo, faili zinazofuata zinaharibika bila wewe kuambiwa. Tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows). Programu hizi huijaza diski mpaka mwisho kisha huvisoma upya vilivyoandikwa. Kwa terabaiti 4 kazi hiyo inakula karibu siku nzima. Iache imalize. Kisha bandika plasta nyeupe, andika A kwenye moja na B kwenye nyingine kwa maka peni. Mimi nimezifomati kwa exFAT, mpangilio wa faili unaosomeka kwenye Windows, Mac na Linux, ili ndugu yangu yeyote aweze kuzifungua kwenye kompyuta yoyote siku ambayo mimi sipo. FAT32 iache, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ya robo saa tu inavuka hapo.

Sasa seva. Ni kompyuta ya kawaida inayokaa imewashwa, na kompyuta nyingine za nyumbani zinaweka faili humo kupitia mtandao wa ndani. Huhitaji mashine mpya. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima kabisa zimeachwa kwa sababu hazikubali Windows 11. Hizo ndizo zinazofaa. Angalia tu ulaji wake wa umeme: mashine kubwa ya wati 60 ikiwaka mwezi mzima inamaliza yuniti 43 za LUKU, wakati ndogo ya ofisi yenye wati 20 inamaliza 14 na ushee. Mimi nilichukua OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba yenye nafasi ya diski ya inchi 3.5 ndani, RAM gigabaiti 8.

Kabla ya yote ifungue, pulizia vumbi, na ubadilishe betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshakwisha. Utaijua kwa saa inayorudi nyuma kila unapoichomoa mashine. Betri hiyo ikifa, mipangilio ya BIOS (ile menyu unayoingia kabla mfumo haujawaka) inapotea, na kuna mpangilio mmoja usiotaka upotee: ule unaoiamuru kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi. Utafute kwenye sehemu ya umeme ya BIOS, uuwashe. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika usiku, asubuhi utakuta seva imelala na hakuna faili iliyopokelewa.

Niliweka Debian, aina mojawapo ya Linux, ni ya bure na haichoshi mashine. Mfumo unakaa kwenye SSD ndogo (diski isiyozunguka), faili za kazi kwenye diski ya terabaiti 4 iliyofomatiwa kwa ext4, mpangilio wa kawaida wa Linux. Halafu niliingiza programu tatu:

sudo apt install samba rsync smartmontools

Samba ndiyo inayoifanya folda ya /srv/kazi ionekane kwenye Windows kama diski nyingine. Unapoiandika diski kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa seva inapowaka, tumia UUID yake, yaani namba ya utambulisho (utaipata kwa sudo blkid), na uongeze neno nofail. Bila nofail, siku diski ikikosekana seva inagoma kuwaka sawasawa, nawe unabaki kuitafutia kioo na kibodi usiku.

Wengine watakushauri uweke diski mbili ndani zinazoakisiana, RAID 1. Ni nzuri kwa kazi isiyotakiwa kusimama. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote kwa sekunde ileile, na radi haibagui. Hela hiyo mimi niliitia kwenye diski B.

Kuhamisha kwenda diski A au B, natumia rsync, programu inayonakili faili mpya na zilizobadilika tu. Diski naichomeka kwenye seva, naifungua kwenye /mnt/safari, na ndani yake nimetengeneza folda mbili, kazi na zamani. Amri ni moja, andika kwenye mstari mmoja:

mountpoint -q /mnt/safari && sudo rsync -rtv --delete --backup --backup-dir=/mnt/safari/zamani/$(date +%F) /srv/kazi/ /mnt/safari/kazi/

Kila kipande kina sababu. Mountpoint mwanzoni inahakikisha diski ipo kweli. Mwaka wa kwanza sikuwa nayo. Siku moja waya wa diski ulikuwa umelegea, rsync ikamwaga gigabaiti zote kwenye SSD ya mfumo, kwenye folda tupu yenye jina lilelile, mpaka SSD ikajaa na seva ikakwama. Sehemu ya zamani inapokea kila faili iliyofutwa au kubadilishwa, kwa tarehe, badala ya kuitupa. Ndiyo iliyoniokoa pale flashi ya mteja ilipoingiza kirusi kwenye kompyuta ya kuhariria na faili za folda nzima zikaharibika. Nilirudi kwenye folda ya mwezi uliopita nikazikuta salama. Angalia pia mkwaju (/) wa mwisho baada ya /srv/kazi: ukiwepo, rsync inachukua vilivyomo ndani ya folda, usipokuwepo, inachukua folda yenyewe na unapata kazi ndani ya kazi. Mara ya kwanza ongeza -n baada ya neno rsync ili ikuonyeshe itakachofanya bila kugusa kitu. Usome mstari kwa mstari.

Kila mwezi iulize diski afya yake, kwa amri inayokuja na smartmontools:

sudo smartctl -a /dev/sda

Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zinazohesabu sehemu mbovu za diski. Mwisho wa mstari pakiwa na sifuri, vizuri. Namba ikiwepo na mwezi ujao imepanda, nunua diski nyingine wiki hiyohiyo. Ikipanda UDMA_CRC_Error_Count peke yake, yaani makosa ya data njiani, badilisha kwanza kebo ya data.

Mtandao wa ndani ulinisumbua kuliko nilivyotegemea. Kuingiza harusi moja kwenye seva kulichukua zaidi ya saa tatu, nikaamini mashine ni mbovu. Fundi alikata kichwa cha kebo yangu, akatandaza nyaya mezani: zilikuwa nne. Gigabiti inataka zote nane. Kebo ya nyaya nne inaishia megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 kwa sekunde. Tulipoweka kebo kamili na swichi ya gigabiti, gigabaiti zilezile 135 ziliingia kwa dakika kama ishirini. Unaponunua kebo, ihesabu nyaya ukiwa bado dukani.

Kwenye umeme ndipo ninapokuwa mkali. Seva na ruta zinakaa kwenye UPS ndogo ya 650VA, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Printa ya leza usiichomeke hapo kamwe, inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri ya UPS ni ya risasi, huchoka baada ya miaka kama mitatu, na kwa joto letu la Januari na Februari mapema zaidi. Kila baada ya miezi mitatu zima seva, chomeka taa kwenye UPS, kisha chomoa plagi ukutani uone taa inakaa muda gani. Ikizimika papo hapo, badilisha betri tu, siyo UPS nzima.

Lakini UPS haizuii radi iliyopiga karibu. Dawa yake ni kuchomoa. Nikiona wingu la radi linajikusanya, kabla ngurumo hazijaanza, nazima seva kwa utaratibu, nachomoa plagi ukutani, kisha nachomoa kebo ya mtandao inayotoka nje na waya wa antena. Wengi wanasahau hizo mbili za mwisho, na radi huingia hata kwa huko. Watoto wangu wote wawili wanaijua kazi hii, na mkubwa ana miaka kumi na moja.

Diski A na B haziishi Njoro kwa pamoja. Moja iko kwangu ndani ya kabati, haijachomekwa. Nyingine iko kwa mama, Kibosho. Nilifikiria kupandisha kila kitu kwenye intaneti, lakini kwa megabiti 10 kwa sekunde harusi moja ni saa 30 za kupandisha, na Desemba, wenzetu wakirudi nyumbani, nina harusi mbili kwa wiki. Picha teule tu ndizo zinazokwenda mtandaoni. Diski yenyewe inapanda gari kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, imezungushiwa kitenge. Mama haulizi kilichomo. Namsalimia shikamoo, anaitikia, anaipokea kwa mikono miwili na kuipeleka kwenye kabati la chumbani, mbali na moshi wa jikoni, kisha ananipa ile ya mwezi uliopita. Kibosho kuna baridi, hasa Julai. Nikishuka mjini naiacha diski itulie kama saa nzima kabla ya kuichomeka, ukungu usije ukaigandia ndani.

Diski inayorudi siiandikii kitu kabla ya kuijaribu. Nachagua harusi moja bila mpango, naifungua kwenye laptopu ya mdogo wangu, siyo kwenye kompyuta yangu, na kuicheza mpaka mwisho. Majina ya faili hayatoshi. Mwaka jana video moja ilionekana nzima, ukubwa sawa, picha ya mbele ipo, ila ilikwama dakika ya 12. Chanzo kilikuwa memori kadi iliyoanza kuharibika, nami nilikuwa nimenakili uharibifu huo kila mahali kwa uaminifu. Nilibahatika kuwa kadi ilikuwa bado haijafomatiwa, na kwa programu ya PhotoRec nilipata sehemu kubwa ya iliyokosekana. Sasa kadi haifomatiwi mpaka nakala ziwe mbili na moja niwe nimeitazama yote kwa macho yangu.

Jumamosi hii ni zamu ya B. Nimeshaibandika tarehe kwenye plasta, na kopo liko mezani karibu na mlango.