Jinsi ya kujadili klabu iliyopoteza heshima yake

Upo mjadala wa soka ambao huanza kwa sentensi moja fupi: "Klabu hii siku hizi haina heshima tena." Baada ya dakika tano kila mtu huwa anazungumza jambo lake. Mmoja analalamikia wachezaji wanaojiangusha, wa pili anazungumzia fedha za mmiliki, wa tatu ana hasira na kocha anayemfokea mwamuzi wa akiba, na wa nne, ukimsikiliza vizuri, anaumia tu kwa sababu klabu hiyo imeifunga timu yake mara nne mfululizo. Nimekaa kwenye mijadala hiyo kwa miaka mingi na nimeona urafiki wa kweli ukipoa kwa sababu yake, ilhali suala lenyewe ni zito na linastahili kuzungumzwa kwa utaratibu. Ninaeleza hapa namna ninavyoliendea.

Taja kwanza heshima iliyokuwepo

Huwezi kudai kwamba kitu kimepotea kama hujasema kilikuwa nini. Kabla ya kuishutumu klabu, eleza ni lini iliheshimiwa, na nani aliiheshimu. Hapa wengi hukosea kwa kuwataja mashabiki wa klabu yenyewe, ambao wangeishangilia hata kama ingecheza vibaya na kwa ubaya. Heshima ya klabu iko mikononi mwa wapinzani wake, kwa hiyo ushahidi wake utafute kwao.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa tarehe 19 Novemba 2005, Barcelona ilipokwenda Santiago Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, na kuwafunga wenyeji mabao 3–0. Ronaldinho alifunga mawili kati ya hayo, yote kwa kukimbia na mpira upande wa kushoto, kumpita beki Sergio Ramos, kuingia ndani na kumshinda kipa Iker Casillas. Baada ya bao la mwisho, watu waliolipa viingilio ili kuiona Madrid ikishinda walisimama na kumpigia makofi mchezaji wa mahasimu wao wa jadi. Makofi ya namna hiyo hayanunuliwi. Mwaka uliofuata klabu hiyo hiyo iliweka jina la UNICEF kifuani mwa jezi yake, na badala ya kulipwa ikawa inalipa yenyewe euro milioni 1.5 kwa mwaka. Mtu akisema leo kwamba Barcelona imeshuka kiheshima, hicho ndicho kimo anachopaswa kuanzia kupima, na akitumia klabu nyingine atafute kimo chake cha namna hiyo. Akikikosa, huenda klabu hiyo iliogopwa tu kwa sababu ya vikombe vyake, na mjadala wa heshima haukuwa na mahali pa kuanzia.

Tenganisha mashtaka

Hatua hii inahitaji subira kuliko zote, kwa sababu hasira hupenda kufunga kila kitu katika furushi moja. Chukua usiku wa tarehe 28 Aprili 2010, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, uwanjani Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona. Katika kipindi cha kwanza Thiago Motta wa Inter ya Italia alinyoosha mkono ukamgusa Sergio Busquets wa Barcelona, naye Busquets akaanguka ameshika uso kwa viganja vyote viwili. Kamera ilimnasa akifungua nafasi kati ya vidole na kuchungulia kuona mwamuzi anafanya nini. Motta alipewa kadi nyekundu. Barcelona ilishinda 1–0 usiku ule lakini ikatolewa kwa jumla ya mabao 3–2, na Inter walipokuwa wakishangilia katikati ya uwanja, mitambo ya kumwagilia nyasi ikafunguliwa, maji yakawarukia.

Ni usiku mmoja na klabu moja, lakini mashtaka ni mawili yasiyofanana. La kwanza ni la mchezaji aliyejaribu kumdanganya mwamuzi. La pili linawahusu wasimamizi wa uwanja, yaani klabu kama mwenyeji, na kwangu mimi hilo ni zito zaidi, kwa sababu mchezaji hutenda akiwa na joto la mchezo, ilhali mwenyeji aliyeshindwa ana muda wa kutosha wa kukumbuka adabu yake. Huenda mwenzako akaona kinyume. Vyema, sasa mna jambo la kujadili. Lakini mkiyaunganisha mawili hayo kwa neno "hawana uungwana", hamtajua mnatofautiana wapi.

Kuna aina nyingine mbili za mashtaka ambazo zinafaa kuwekwa kando kabisa. Moja ni ya biashara: kuanzia msimu wa 2011–12 Barcelona iliweka jina la mdhamini anayelipa, Qatar Foundation, kifuani mwa jezi, na UNICEF ikahamishiwa mgongoni. Shabiki ana haki ya kusikitika, lakini hakuna mpinzani aliyeibiwa bao kwa sababu hiyo. Nyingine ni ya mafanikio yenyewe. Klabu inayoshinda kwa muda mrefu huchosha watu, na uchovu huo huvaa nguo za maadili kwa urahisi mno. Jiulize kwa dhati kama ungekumbuka tukio lile endapo klabu ile ingekuwa ya 12 kwenye msimamo wa ligi.

Jua sheria inasema nini na desturi inasema nini

Kujiangusha ni kosa lililoandikwa: Sheria ya 12 ya soka inamtaka mwamuzi atoe kadi ya njano kwa mchezaji anayejifanya ameumizwa au amechezewa rafu. Kipa kukaa na mpira nako kumeandikwa, na tangu Julai 2025 kikomo ni sekunde nane, akizidisha wapinzani wanapewa kona. Kwa makosa kama haya hakuna haja ya ubishi mrefu. Tazama picha, tazama sheria.

Ugumu uko kwenye yale yasiyoandikwa. Hakuna kifungu kinachoilazimisha timu kuurudisha mpira ambao wapinzani wameutoa nje kwa hiari ili majeruhi atibiwe. Ni desturi tu, na desturi huishi kwa sababu watu wanaitii bila kushurutishwa. Februari 1999, katika raundi ya tano ya Kombe la FA la England, Sheffield United waliutoa mpira nje ili mchezaji wao atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal aliurusha kuelekea kwao kama ilivyo ada, lakini Kanu, aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, akaukimbilia, akatoa pasi kwa Marc Overmars, na likawa bao. Mwamuzi hakuwa na sheria ya kulikataa. Arsenal wakashinda 2–1.

Mtu akikuambia "sheria haikuvunjwa", mkubalie, kisha muulize kama hilo linamaliza suala. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, aliona halimalizi: baada ya mechi alijitolea mchezo urudiwe, ukarudiwa siku 10 baadaye, na Arsenal wakashinda tena 2–1. Ninalipenda tukio hili kwa sababu matokeo hayakubadilika hata kwa bao moja, lakini sifa ya klabu iliyoshinda mara ya pili haikuwa ile iliyoshinda mara ya kwanza.

Tazama kilichofuata baada ya kosa

Kwa hiyo usiishie kwenye kosa. Kila klabu yenye miaka 100 ina mchezaji aliyeshika mpira kwa mkono na kocha aliyetukana. Kinachotofautisha ni siku ya pili yake: je, klabu ilikiri, ilinyamaza, au ilitoa taarifa ya kuwalaumu waliolalamika?

Leeds United ya msimu wa 2018–19 ni somo kamili, nami humpa kila anayependa kuihukumu klabu kwa neno moja. Januari 2019 mfanyakazi wa klabu hiyo alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County akipeleleza. Marcelo Bielsa, kocha wake, alikiri kwamba alimtuma yeye, na akaongeza kwamba alikuwa amefanya hivyo kwa wapinzani wote wa msimu ule. Wakati ule hapakuwa na kanuni inayotaja kosa hilo moja kwa moja. Klabu ilitozwa faini ya pauni 200,000 kwa kukosa nia njema, na ligi ikaweka kanuni mpya ya kukataza kuangalia mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Aprili mwaka huo huo, Leeds walifunga bao dhidi ya Aston Villa huku mchezaji wa Villa akiwa amelala chini na wenzake wakitarajia mpira utolewe nje. Ugomvi ulizuka. Bielsa akawaamuru wachezaji wake wasimame na kuwaachia Villa wasawazishe. Beki mmoja wa Leeds alishindwa kuvumilia, akajaribu kumzuia mfungaji, lakini bao likaingia na mechi ikaisha 1–1. FIFA iliwapa Bielsa na klabu tuzo ya uungwana ya mwaka 2019.

Klabu ile ilikuwa na uungwana au haikuwa nao? Jibu langu ni kwamba swali limeulizwa vibaya. Uliza juu ya tukio, uliza juu ya mwitikio, kisha tafuta kama kuna mwelekeo. Tukio moja halifanyi mwelekeo. Ninapodai kwamba klabu fulani imeporomoka, hujilazimisha kutaja angalau matukio matatu ya misimu tofauti, kila moja na mechi yake, na kusema klabu ilifanya nini baada ya kila moja.

Tofautisha lililothibitishwa na linalodaiwa

Mwaka 2006, katika kashfa ya upangaji wa waamuzi, Juventus ilinyang'anywa mataji mawili na kushushwa hadi Serie B, daraja la pili la Italia. Hilo ni hukumu, na unaweza kulitaja bila kusitasita. Malipo ya zaidi ya euro milioni 7 ambayo Barcelona ilimlipa makamu wa mwenyekiti wa kamati ya waamuzi wa Hispania kati ya 2001 na 2018 yanakubalika kuwa yalifanyika, lakini klabu imekana kwamba yalinunua waamuzi, na inasema yalikuwa ya ripoti za kitaalamu. Sema malipo yalikuwepo, na sema kwamba hata bila kosa la jinai yanaleta maswali. Usiseme mechi ziliuzwa.

Badilisha jezi

Rafiki yangu mmoja, shabiki wa wapinzani wetu wa jadi, aliwahi kuniomba nisimulie upya tukio nililokuwa nikilitetea, ila nisitaje jina la timu yoyote. Nikaanza: "Kipa wa timu iliyokuwa inaongoza alilala chini mara tatu katika dakika 10 za mwisho, na kila mara aliinuka pindi daktari alipovuka mstari..." Sikuimaliza sentensi. Tangu siku ile hulifanya zoezi hilo peke yangu kabla ya kufungua kinywa, na ninawaomba ninaojadiliana nao walifanye pia.

Msihukumu shabiki kwa makosa ya klabu

Shabiki wa klabu inayoshutumiwa huumia kuliko wewe, hata anapoitetea kwa sauti kubwa. Aprili 2021, klabu 12 zilipotangaza kuanzisha ligi yao ya kujitenga, waliojazana nje ya uwanja wa Stamford Bridge kuzuia basi la Chelsea walikuwa mashabiki wa Chelsea wenyewe, hadi Petr Čech, kipa wao wa zamani, akatoka kuwasihi wafungue njia. Kwa hiyo sema "klabu yako ilifanya hivi", usiseme "ninyi ndivyo mlivyo". Akikubali hoja yako, iache hapo. Usimrudishie kesho mbele ya watu wengine kama kombe ulilolishinda.

Mwishoni mwambie ni kitu gani kingekufanya uirudishie klabu ile heshima yake, na kiwe kitu kinachoweza kuonekana: kocha akikiri kujiangusha kwa mchezaji wake mbele ya waandishi, nahodha akiwaondoa wenzake wanaomzonga mwamuzi, uongozi ukiomba radhi kwa jina. Juventus iliposhuka daraja, kipa wake Gianluigi Buffon, aliyekuwa ametwaa Kombe la Dunia mwezi huo huo, alibaki na kucheza Serie B, pamoja na Alessandro Del Piero na Pavel Nedvěd. Muulize mwenzako kama kubaki kwao kulitosha, na umpe nafasi ajibu hadi mwisho.