Mida inataka mida: kabla ya kuenda kuona ndege, angalia mwezi

Mara ya kwanza kuenda Mida Creek, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, nilienda Jumamosi saa sita mchana na watoto wa dadangu, darubini ya kuazima shingoni, juisi kwenye cooler, tukakuta maji yamejaa mpaka yanagusa majani ya mikoko. Ndege hamna. Kijana wa pale akanicheka akaniuliza, "Kaka, wewe ni wa Mombasa kweli? Mbona hukuangalia mwezi?" Na babangu alikuwa mvuvi, sasa fikiria hiyo aibu.

Basi sikiza. Ndege wa Mida wanakula kwenye tope, wanachokoa kaa na minyoo. Maji yakikupwa sana tope linakuwa kubwa wanatawanyika kule mbali, utaona vidoti tu hata na darubini. Yakijaa kabisa hawana pa kusimama, wanahama. Kwa hivo unataka maji yakiwa yanapanda, masaa mawili matatu kabla hayajajaa, hapo ndo yanawasukuma pole pole mpaka wanakusogelea wenyewe na wewe umekaa tu umenyamaza.

Hesabu yake si ngumu. Pwani hii wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Sasa ukihesabu, mwezi 17 au 18, ama mwezi 2 au 3 (siku za mwezi wa kuandama, si miezi ya kalenda), maji yatajaa mida ya saa kumi na mbili jioni, wewe fika saa tisa, hapo umepata. Tena jioni jua liko mgongoni manake ukitoka barabara kubwa unaelekea upande wa bahari, picha zinatoka safi. Mwezi 7 au 22 ni maji mafu, hayapwi vizuri wala hayajai vizuri, mimi siendi. Kama kuhesabu mwezi kunakushinda uliza mvuvi yeyote au angalia jedwali la maji kwenye simu.

Msimu nao unahusu. Ndege wageni wengi wanaanza kuingia mwisho wa Agosti na wanaondoka Aprili, kwa hivo kaskazi ndo wakati wenyewe. Kuna kindege kidogo mdomo umepinda kidogo kama sindano ya kushonea magunia, kinazaliwa kule Siberia kwenye barafu kisha kinakuja kula tope la Giriama, na ukienda Aprili utawakuta wengine washabadilika rangi wamekuwa wekundu kama matofali, wanajitayarisha kurudi. Lakini anayefuatwa na watu wote ni yule maguide wanamwita krabu plova. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyo anazaa pwani za Arabuni na Bahari ya Shamu, na anachimba shimo mchangani anataga yai moja humo ndani, ndege wengine wa tope hawafanyi hivo. Wanatembea kwa kundi kama watu wanatoka msikitini. Yangeyange, kwarara na mdiria utawaona tu, na bahati yako ikiwa nzuri utakuta heroe pia.

Kufika: ukitoka Mombasa, matatu za Malindi ziko Abdel Nasser, toka mapema manake foleni ya Mtwapa haina adabu. Ukishapita daraja la Kilifi na Matsangoni mwambie konda akushushe Mida, kabla ya Gede, usiseme Watamu utapitishwa bure. Msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa kushoto kwako, creek iko kulia, unaingia kwa miguu au boda.

Pale kuna njia ya mbao na kamba inapita juu ya mikoko inabembea, mwisho wake kuna kibanda cha kujificha unaangalia ndege. Uliza bei kabla hujaingia, na usione uchungu kulipa, hela ya ile njia ya ASSETS, mpango wa kusomesha watoto kwa pesa za utalii, inasaidia karo ya sekondari kwa watoto wanaoishi kando ya msitu. Chukua guide wa hapo hapo. Najua wengine wanasema ah mimi naona mwenyewe, utaona nini na wote wana rangi ya tope? Yule kijana alinionyesha aina kumi na kitu kwa saa moja, mimi peke yangu nilikuwa naita zote sululu.

Kwenye ile njia ya mbao tembeeni mmoja mmoja, watoto wasirukeruke. Nguo zisiwe za kung'aa, simu iwe kimya, na usipige makofi ili waruke upate video, nimeshuhudia mtu mzima na ndevu zake anafanya hivo. Wale ndege wanakula kwa saa, ukiwarusha umewapunguzia chakula, na wana safari ya maelfu ya kilomita mbele. Beba maji, kofia, na dawa ya mbu manake jua likizama mikokoni wanakuja kwa hasira. Viatu viwe vya kuchafuka, tope la mkoko likishika kiatu cheupe umekisamehe.

Njaa ikikushika kuna Crab Shack kule Dabaso, sambusa za kaa, kula polepole lakini usijisahau. Kurudi ndo shida, matatu kutoka Malindi usiku zinapita zimejaa, utasimama barabarani unapunga mkono tu. Bora uchukue tuktuk mpaka Gede upandie stejini, ama ulale Watamu urudi asubuhi.