Jinsi ya kuhamishia majimoto kwenye mikorosho bila kuwaacha wageni wao nyuma

Masika yalipokatika mwaka huu nilikwenda Mkuranga kumsaidia mama mmoja mwenye mikorosho arobaini na kitu. Kila mwaka machipukizi yake yanakauka na kuwa meusi kama yamebabuliwa na moto. Ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi (si mbu wa malaria). Dawa amepiga mpaka amechoka, na bei yake haishikiki. Kumbe ng'ambo ya njia, kwenye shamba la shemeji yake ambalo halijapigwa dawa miaka mingi, mikorosho imejaa majimoto, wale sisimizi wakali, na machipukizi yake ni mabichi. Tukafanya kazi siku mbili. Naandika tulivyofanya, kwa sababu miongozo mingi niliyosoma inaruka jambo moja ambalo lilinigharimu sana nilipoanza.

Majimoto ninaowasema ni wale wekundu wa mitini wanaoshona majani mabichi kuwa kiota kwa hariri ya watoto wao, Oecophylla longinoda. Wanawinda mbu wa mikorosho, na wanamwinda pia yule kunguni anayefyonza korosho changa na kuangusha vidaka vya minazi.

Hatua ya 1: Kagua shina kabla ya kugusa kiota

Asubuhi, jua likiwa bado dogo, weka kipande cha dagaa mkavu kwenye kila shina, usawa wa ardhi. Rudi baada ya nusu saa. Ukikuta dagaa amefunikwa na sisimizi wadogo wa kahawia, na kati yao wamo wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, basi una Pheidole megacephala. Hawa wanakaa ardhini, wanapanda kwa maelfu, na majimoto wapya hawawawezi. Usihamishe chochote mpaka uwapunguze.

Kumwagia dawa ya maji kwenye shina sikushauri: inaua walioko nje tu, na malkia anabaki chini anataga. Tumia chambo cha punje chenye sumu ya polepole (haidrametilinoni), ambacho wanakibeba wenyewe hadi ndani. Weka siku kavu, na uweke kabla majimoto hawajaletwa, maana sumu haichagui. Kisha rudia jaribio la dagaa.

Hatua ya 2: Hakikisha viota ni vya kundi moja

Kundi moja la majimoto huwa na viota vingi, vimeenea miti kadhaa, na kwa kawaida malkia ni mmoja. Miti miwili inayogusana si lazima iwe ya kundi moja. Kwa hiyo chukua majimoto kumi kutoka mti wa kwanza, wakiwa juu ya jani, uwasogeze kwenye njia ya majimoto wa mti wa pili. Ndugu watagusana papasi (vile vipapasio vya kichwani) na kupita. Wasio ndugu watakamatana papo hapo: mmoja anavutwa miguu na wanne au watano mpaka ananyooka kama msalaba. Ukiona hivyo, usichanganye.

Kata viota vyote vya kundi, hata vile vya juu kabisa. Ukimwacha malkia, wafanyakazi watakutumikia miezi michache halafu watakwisha, kwa sababu mayai wanayotaga wao wenyewe hutoa madume tu.

Hatua ya 3: Kata kiota pamoja na wageni wake

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilikuwa nimekata viota zaidi ya ishirini, na kila nilipoona jani lina vidugamba (wadudu wadogo kama vidonge vya kahawia vilivyojibandika kwenye mshipa wa jani) nikalipogoa na kulitupa. Nilifundishwa kwamba vidugamba ni waharibifu, basi. Nikatundika viota visafi kabisa. Wiki mbili baadaye vilikuwa vikavu na vitupu.

Fungua kiota kimoja taratibu uone nilichokuwa natupa. Ndani, kwenye mshipa mkuu wa jani, vidugamba wamejipanga. Majimoto mmoja anasimama juu ya kidugamba, anampigapiga kwa papasi, na kwa nyuma linatoka tone angavu la maji matamu. Analinywa, anahamia kwa mwingine. Tone lile ni chakula cha kila siku cha kundi zima. Mawindo yanawalisha zaidi watoto. Ndiyo maana utakuta vidugamba wengine wamejengewa kibanda chao cha hariri pembeni ya kiota. Michael Way, aliyewachunguza majimoto hawa kwenye mikarafuu ya Zanzibar na kuchapisha matokeo yake mwaka 1954, aliandika kwa kirefu juu ya uhusiano huu na kidugamba wa huko. Kunguni wa minazi niliyemtaja juu amepewa jina la Way: Pseudotheraptus wayi.

Kwa hiyo, kata tawi lenye kiota likiwa na shubiri moja au mbili za ziada, na majani yenye vidugamba yaache. Lakini zingatia haya:

Jani lililokatwa linakufa, na kidugamba mkubwa habanduki alipo. Wanaohama ni watoto wake, wadogo kama vumbi. Basi tawi ulilokata lazima liguse machipukizi hai ya mti mpya siku hiyo hiyo, wapate pa kushukia kabla jani halijakauka.

Vidugamba wa mti mmoja si wote wanaokubali mti mwingine. Kwa shamba la mikorosho mimi hutoa viota kwenye mikorosho, hata kama mwembe wa karibu una viota vikubwa zaidi.

Majani yaliyofunikwa na ukungu mweusi kama masizi usichukue. Hapo vidugamba wamezidi na maji matamu yanamwagika ovyo.

Wageni wengine waache pia. Utaona kiwavi bapa anatembea katikati ya majimoto wala haumwi. Ni mtoto wa kipepeo mdogo wa familia ya Lycaenidae. Huko Kameruni wako wa jenasi Euliphyra wanaoishi ndani ya kiota chenyewe, na majimoto huwalisha mdomo kwa mdomo. Utaona pia "majimoto" anayekwenda kwa kusitasita: mhesabu miguu, ni minane. Ni buibui, ameinua miwili ya mbele ionekane kama papasi. Ukimgusa anajiangusha kwa uzi, kitu ambacho majimoto hafanyi. Hakuna sababu ya kuwaua.

Kuhusu vifaa: mkasi wa kupogolea wenye mpini mrefu, na gunia la katani. Mifuko ya plastiki sitaki kuiona. Ndani inatoa jasho na nusu ya majimoto wanakufa njiani. Jipake jivu mikononi hadi kwenye viwiko, chomeka suruali kwenye soksi, na linda macho, maana wakiuma wananyunyiza asidi.

Hatua ya 4: Tundika

Jioni. Funga tawi kwenye mkorosho wenye majani mapya laini, maana majani magumu hayakunjiki. Viota vya kundi moja vikae miti iliyo jirani.

Hatua ya 5: Kamba na chakula cha mwanzo

Unganisha miti hiyo kwa kamba ya manila, tawi kwa tawi, ili wasishuke chini kwa sisimizi. Usiunganishe na mti wa kundi jingine. Wiki mbili za kwanza weka maji ya sukari kwenye kifuniko cha chupa na vipande vya dagaa juu ya panda. Vidugamba wakishashika majani mapya, acha.

Dawa ya wadudu usipige tena kwenye miti hiyo. Na wakati wa kuvuna usiogope: korosho huokotwa chini zikishadondoka, majimoto wako juu.

Siku ya tisa yule mama alinitumia picha: majani matatu mabichi yamevutwa pamoja, na ukingoni majimoto mmoja amembana mtoto kwa taya, anampitisha huku na huku kama mfumaji apitishavyo uzi. Kwenye mshipa wa jani la katikati, ukikuza picha, kuna vidoa viwili vya kahawia.