Kutafuta chumba Dar chenye maji na umeme ndani ya kodi

Mdogo wangu katoka Morogoro kuanza kazi Ubungo, mkononi ana kodi ya miezi 3 tu. Alitaka chumba ambacho maji na umeme vimo kwenye kodi, asiwaze luku. Tumezunguka siku 4. Nawaandikia tulivyofanya, maana na mimi niliwahi kuumia hapohapo.

Hatua ya 1: Anza na nauli
Chagua mtaa ambao kazini unafika kwa gari moja. Sisi tulishika Mabibo, Kigogo na Manzese.

Hatua ya 2: Tembea kwa miguu
Vyumba vya picha mtandaoni mimi nimeviacha. Ukipiga simu, "kimechukuliwa jana, ila kuna kingine." Ulizia kwa mangi. Yeye anajua nani anahama kabla hata ya mwenye nyumba, kwa sababu anayehama anafuta kwanza deni la dukani. Ukishindwa, dalali. Atataka kodi ya mwezi 1, na wengine hudai hela ya kuonyeshwa juu yake. Malizaneni hilo kabla hajafungua mlango wa kwanza.

Hatua ya 3: Uliza "umeme umo" maana yake nini
Hapa usiwe na haraka. Kuna nyumba ambayo mwenyewe ananunua luku na wewe hujui hata mita ilipo. Kuna nyumba ambayo "umo" ni mchango wa kila chumba, yaani haumo. Halafu kuna ile ya masharti: taa na simu sawa, pasi na jagi la umeme marufuku. Nilipokaa Mabibo, baba mwenye nyumba alinunua kiasi kilekile kila mwezi. Ikifika tarehe 20 umeme umekwisha, tunachanga au tunalala giza, na kodi nimeshalipa ya miezi 6.

Sasa piga hesabu ambayo mimi niliichelewa. Mita ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Mita ya kawaida 292. Ukijumlisha VAT na tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na REA (wakala wa umeme vijijini), ni kama 122 na 356. Vyumba 6 kwenye mita moja, kila kimoja uniti 25, ni uniti 150. Hapo bei ndogo sahauni. Kila chumba kinabeba karibu 8,900. Mtu huyohuyo akiwa na mita yake kwenye bei ndogo, uniti 25 ni 3,050.

Kwa hiyo chumba cha "kila kitu ndani" kikizidi chenzake kwa 20,000, jua unamlipia mwenye friji. Ila kama una friji wewe, kimbilia hichohicho, na usiseme nimekufundisha mimi.

Ukiishia kwenye mita yako, kumbuka kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Ombeni ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Na uliza mita imekaa miezi mingapi bila kununuliwa umeme, usije ukanunua mara ya kwanza ukakatwa malimbikizo ya mpangaji aliyehama.

Hatua ya 4: Maji
Rudi jioni bila dalali, fungua bomba. Kama ni kisima, onja. Ya chumvi yapo mengi hapa mjini, na ya kunywa utanunua.

Hatua ya 5: Mkataba
Hata wa kalamu, sawa. Sentensi ya umeme iandikwe kama alivyoitamka mwenyewe, na shahidi awepo.

Dogo kachukua chumba Kigogo, 70,000, mita yake mwenyewe. Cha 90,000 cha kila kitu ndani tulikiacha, mlangoni palibandikwa karatasi: "Pasi mwisho saa 2 usiku."