Namna ya Kubaki na Mteja Akili Inapotaka Kutoka

"Mwanangu, umesikia nilichosema?"

Mzee yule aliniuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, akaja tupange maisha yake ya baada ya kazi. Aliongea dakika tano hivi, nami muda wote nikitikisa kichwa na kuitikia "mm, mm" kila panapostahili. Kisha nikamrushia swali langu: katika miezi mitatu ijayo angependa kuanza na lipi? Kumbe sentensi mbili nyuma alikuwa amesema kwamba tangu mkewe afariki hajawahi kushinda nyumbani mchana kutwa. Sikulisikia. Nilipotupia jicho daftari langu nikakuta mstari mmoja tu, nao ni lile swali langu mwenyewe, nimelikata na kuliandika upya mara mbili ili lipendeze.

Nilikuwa na miaka mitatu katika ukocha, si ule wa michezo bali wa kumsaidia mtu apange maisha na kazi yake kwa mazungumzo. Simu nilikuwa nimeizima, mlango nimeufunga, usiku nimelala vizuri. Ndiyo maana sikuanzii na ushauri wa kuzima simu. Zima, naam, lakini mwizi mkubwa zaidi huingia nawe chumbani, na kwa kuwa amevaa sare ya bidii ya kazi humshuku: ni swali linalofuata. Unataka mteja aondoke na kitu, unataka aone hajapoteza fedha zake, basi unaanza kumtungia swali zuri wakati yeye bado anazungumza.

Ruhusu kimya, na kitangaze mapema

Nilijilaumu sana kwa tabia hii mpaka nilipojua inatoka wapi. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha vipimo vya mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Kati ya swali na jibu, pengo lilikuwa kwa wastani kama milisekunde 200, yaani humusi ya sekunde. Sasa fikiria: kutaja tu jina la kitu ulichooneshwa pichani huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa hiyo hakuna anayesubiri mwenzake amalize ndipo atafute la kusema. Sote tunaanza kulipika jibu mwenzetu akiwa katikati ya sentensi. Barazani huo ni ustadi, ndio unaofanya maongezi yanoge. Kwenye kikao cha ukocha ustadi huohuo ndio unaotutoa chumbani.

Dawa yake basi haiwezi kuwa kujikaza usifikirie swali. Nimejaribu; ukijikataza unakuwa na kazi mbili, kumsikiliza mteja na kujilinda mwenyewe. Kilichonisaidia ni kuondoa haraka yenyewe. Katika kikao cha kwanza kabisa, tunapokubaliana mambo ya muda na usiri, humwambia mteja hivi: "Ukimaliza kusema, mara nyingi nitanyamaza kidogo kabla sijajibu. Usidhani sijakuelewa, na usijione unatakiwa kuendelea. Ndipo ninapofikiri." Basi. Maneno hayo machache yamenipa ruhusa ya kutotunga chochote wakati yeye anaongea, kwa sababu najua nafasi ya kutunga inakuja.

Kimya hicho humfaa na mteja. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe wa Marekani aliona kwamba walimu wa sayansi walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu zaidi, na "sijui" zikapungua. Wateja wangu si watoto wa shule, lakini nimeona jambo lilelile: jibu la kwanza ni lile alilokuja nalo, la pili ndilo linalomshangaza mwenyewe. Usihesabu sekunde kichwani, maana kuhesabu nako ni kutoka. Toa pumzi moja ndefu, polepole, ikiisha ndipo ufungue mdomo.

Nakiri wiki za mwanzo niliona aibu. Pumzi moja ilikuwa kama saa nzima. Mteja mmoja alicheka akaniuliza, "Kocha, mtandao umekata?" Tulikuwa tumekaa ana kwa ana.

Daftari liwe la mteja

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, mwaka 1912 aliwashauri waganga wenzake wa nafsi wasiandike yote wakati mgonjwa anasema, kwa sababu anayechagua la kuandika ameshaanza kuchagua la kusikia. Namwelewa, ila siwezi kumfuata mpaka mwisho. Mteja akisema anataka kumpigia bosi wake Alhamisi, nataka hiyo Alhamisi iwe kwenye karatasi. Nilichobadilisha ni kanuni ya nini kinaruhusiwa kuandikwa. Maneno ya mteja tu, kama yalivyotoka kinywani mwake, na yasizidi matatu au manne kwa wakati mmoja. "Nimechoka kuwa mzuri." "Mlango wa nyuma." Tafsiri yangu haina nafasi humo.

Na lile swali zuri likija lenyewe? Litakuja tu. Lina kona yake, juu kulia, ninapoliegesha kwa neno moja: "pesa", "dada", "lini". Neno moja halinitoi chumbani, na akili ikijua swali limehifadhiwa huacha kulirudiarudia. Mwisho wa kikao hutazama kona ile. Mengi ya maneno yaliyoegeshwa huwa yamepitwa na wakati, mteja mwenyewe ameshayajibu. Ukitaka kujua maswali yako ya werevu yana thamani gani, fuatilia kona hiyo kwa mwezi mmoja.

Ukigundua umeshatoka

Utatoka. Hata wenye miaka ishirini kazini hutoka. Ukigundua mapema, yaani umepotewa na maneno machache tu, usijisute. Bonyeza nyayo sakafuni, likamate neno la mwisho ulilolisikia vizuri, panda nalo. Halihitaji tangazo.

Ukipotewa na zaidi ya hapo, sema. "Samahani, hapo nimekupoteza. Tafadhali rudia kuanzia uliposema kuhusu mkutano." Makocha wengi wanaona bora kutikisa kichwa na kutumaini maana itajitokeza mbele. Nakusihi usifanye hivyo. Mteja huwa ameshaona. Macho ya mtu aliyeondoka yanajulikana. Sisemi kwamba kukiri ni bure. Mteja mmoja alinijibu kwa ukali kwamba kusikilizwa ndicho kitu pekee alichokuja kukinunua. Alikuwa na haki. Tukaendelea, lakini nusu saa iliyobaki ilikuwa nzito, na sikuwa na la kuipunguzia uzito.

Kuchoshwa ni suala jingine, na watu hulichanganya na kupotea. Unaweza kuwepo kabisa na bado ukachoka na unachokisikia. Mara nyingi ni kwa sababu mteja anasimulia kisa alichokwisha kukisimulia kwa watu kumi, kimelainika kama jiwe la mtoni, hata yeye hakisikii tena. Hapo uchovu wako ni habari. Naweza kumwambia: "Nasikia kama kisa hiki umekisimulia sana. Leo kuna sehemu yake ambayo hujawahi kumwambia mtu?" Ni swali la hatari, lisiulizwe kikao cha kwanza.

Kinapogusa kidonda chako

Hapa ndipo nilipochukua muda mrefu zaidi kujifunza, na sijamaliza. Dada mmoja alikuja kwa suala la kupandishwa cheo. Katikati akaanza kueleza jinsi yeye na mdogo wake walivyoacha kusemezana kwa sababu ya mali ya wazazi. Wakati huo mimi na mdogo wangu tulikuwa na mwezi wa nne bila salamu. Ghafla nikawa makini mno. Nikaegemea mbele, nikauliza swali baada ya swali. Kwa mtu anayetazama nilikuwa kocha aliyezama katika kazi yake, kumbe nilikuwa nikitafuta jibu langu katika maisha ya mwingine. Cheo hatukukigusa tena siku ile.

Tangu hapo nimejifunza kuutilia shaka usikivu unaokuja na joto kifuani. Nikiuhisi, najiambia moyoni maneno mawili, "hili langu", kisha namrudishia mteja usukani: "Ulikuja na suala la cheo. Tuendelee na hili au turudi kule?" Baada ya kikao nalipeleka kwa kocha msimamizi wangu, ambaye hukutana naye mara moja kwa mwezi. Kama huna mtu wa namna hiyo, mtafute kabla hujatafuta mteja mwingine. Na kama mteja amebeba huzuni au hofu inayomzuia kulala, kula au kufanya kazi, kuwepo kwako hakutoshi. Mwelekeze kwa mshauri nasaha au daktari, umwambie wazi kwa nini.

ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, lilipoupanga upya mwongozo wake wa umahiri mwaka 2019, liliweka kuwepo kabla ya kusikiliza, na ndani yake likataja utulivu wa kufanya kazi katika hali ya kutojua. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ni maneno ya kupendezesha karatasi. Siku ya yule dada nikayaelewa: nilitoka chumbani kwa sababu nilidhani hadithi ile naijua.

Kabla na baada

Haya nitayapitia haraka. Acha nafasi kati ya vikao. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja bila kuimaliza na kuingia nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya huumia. Zamani nilipanga vikao vinne mfululizo. Kikao cha tatu nilikuwa nimebeba wateja wawili mgongoni. Sasa naacha dakika 25. Kwanza naandika mstari mmoja: kilichobaki wazi na lini nitakirudia. Kisha natembea, nakunywa maji, naenda msalani. Kwa vikao vya mtandaoni, ficha picha yako mwenyewe, funga madirisha mengine yote, na isogeze sura ya mteja karibu na kamera ili ukimtazama aone unamtazama.

Baada ya kikao, kabla sijafungua daftari, najipima. Nachukua karatasi tupu na kuandika sentensi tatu za mteja kwa maneno yake halisi, siyo maana yake. Nikipata tatu, nilikuwepo. Mbili, si haba. Siku ya mzee yule ningepata sifuri. Alama nazihifadhi pamoja na saa ya kikao, na baada ya miezi miwili zilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia: sikuwa mbaya kwa mteja fulani, nilikuwa mbaya saa kumi jioni. Mteja wangu wa saa hiyo nimemwomba tuhamie saa tatu asubuhi. Amekubali, ingawa amenionya kwamba saa hiyo yeye ndiye hatakuwepo.